Shati la Bonge

Kwetu mtu akikonda hapongezwi, anaombewa. Wazungu niliokuwa nafanya nao kazi kwenye nyumba ya wazee walinishangilia kila nilipotoboa mkanda tundu jipya. Watu wangu waliponiona walishika vifua. Maskini, kijana wa watu. Huyo kaukwaa ule ugonjwa.

Nianze na kilo zenyewe, maana ndizo chanzo. Kabla ya korona nilikuwa na kilo mia moja na arobaini na mbili. Nilizaliwa kambini Kigoma, wazazi wangu Warundi, nikakulia kwenye mgawo wa mahindi na maharage, na nilipofika Sydney nikiwa na miaka kumi na tisa nikakuta chakula hakipangiwi foleni. Nikala. Sitaki mtu aniambie nilikuwa mlafi. We kaa miaka kumi na tisa unapimiwa maharage kwa kikombe, halafu ndiyo uje kunihubiria.

Kanisani waliniita Bonge. Waliniita kwa mapenzi, nami niliitika kwa kicheko, na lilikuwa linaniuma kila mara. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akilitamka haliniumi. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, dereva wa lori la makontena kule bandari ya Port Botany, na kwenye kwaya tulisimama pamoja safu ya besi. Nilimpenda. Sitaki kuzunguka mbuyu. Nilimpenda miaka mitatu, Jumapili kwa Jumapili, bega langu likigusa bega lake, na sikumwambia mtu, kwa sababu mwanaume kumpenda mwanaume ni neno ambalo kanisani kwetu lilikuwa likitajwa kwenye maombi ya kukemea tu. Na hata kama lingetajwa vizuri, nani angeliangalia tumbo langu akasema huyu ndiye?

Pasaka moja, mwaka mmoja kabla ya korona, kwaya ilishona sare. Kitenge kililetwa kutoka Bujumbura ndani ya sanduku la mama mmoja aliyekuwa anarudi safari, cha bluu chenye majani ya njano, kikakatwa sawa kwa sawa, kila mtu kipande chake. Changu hakikutosha. Kingetosha wapi! Fundi wetu, mama wa Kirundi anayeshonea kwenye gereji ya nyumbani kwake Penrith, alinipima mbele ya watu, na tepu ikafika mwisho kabla tumbo halijaisha. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, halafu nikapanda treni kurudi kwangu Toongabbie nikiwa nimeshaamua kuacha kwaya.

Wiki ile ile fundi akapiga simu: njoo uchukue shati, limekamilika. Kweli lilinienea, mikono mirefu na kola, pande zote zimekutana. Nikadhani ameungaunga vipande vilivyobaki, nikamshukuru, yakaisha.

Siku ya Pasaka kwaya nzima tulivaa mikono mirefu, isipokuwa yule dereva. Yeye alikuja na mkono mfupi. Mwalimu wa kwaya alimfokea nje ya mlango, naye akajibu kwamba anasikia joto. Joto gani asubuhi ile? Mimi nikajisemea, huyo anaringa, anataka mabinti waone misuli. Nilimkasirikia, na misuli yenyewe nikaitazama ibada nzima.

Kisha korona ikaja, kanisa likafungwa, na daktari akaniambia sukari yangu imepanda kiasi kwamba nisipoangalia nitafukiwa kabla ya wale wazee ninaowaogesha. Niliogopa. Nikaacha soda, nikapunguza ugali, nikaanza kutembea kila asubuhi kando ya kijito cha hapa Toongabbie nikihema na kulaani. Nilitembea hivyo mwaka na nusu. Sina dawa ya kukuuzia. Nilipofika kilo themanini na moja ngozi ya tumbo ilining'inia kama soksi iliyolegea, na nilikuwa na afya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Kosa langu lilikuwa kufungua kamera. Ulikuwa mwaka wa pili, magharibi yote ya Sydney tumefungiwa ndani, ibada tunafanyia kwenye simu. Mwaka mzima nilikuwa nimezima kamera yangu kwa aibu ya zamani. Jumapili hiyo nikapewa somo nisome, nikafungua. Jamani! Kina mama wote kwenye vile vijidirisha walisogelea simu zao. Mmoja akaziba mdomo kwa kanga.

Kabla ya saa sita simu zilianza. "Mwanangu, usinifiche. Ni nini?"

"Ni kutembea, mama. Niko salama kabisa."

"Kutembea gani kunakomla mtu hivyo?"

Kwetu anayeumwa kweli ndiye husema yuko salama, kwa hiyo kila nilivyokana ndivyo nilivyozidi kufa. Wakatangaza siku tatu za kufunga kwa ajili yangu. Mama yangu mwenyewe alilia kwenye simu. Wakaamua pia kwamba nipikiwe kila Jumamosi mpaka mwili urudi. Lakini sheria ilikuwa hakuna kutoka zaidi ya kilomita tano, na polisi wako barabarani. Nani apeleke vyungu? Wakamchagua dereva wa lori, kwa kuwa alikuwa na kibali cha kazi, alipimwa korona kila baada ya siku chache, na aliishi mitaa miwili tu kutoka kwangu.

Akaja saa nne asubuhi. Nilimwona dirishani, barakoa usoni, sufuria mikononi imefungwa kwa blanketi. Nikatoka.

"Samahani, ndugu," akasema. "Natafuta Bonge."

"Ndiye mimi."

Aliiweka sufuria kwenye majani polepole, na macho yake yakajaa machozi. "Banasema uko nakufa," akasema.

"Nife na nini? Nimepungua tu. Nimetaka mwenyewe."

Aliniangalia juu mpaka chini, akacheka hadi akashika uzio. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Sasa hii sombe yote nani atakula?"

Ilikuwa sombe, kisamvu cha mawese, ugali wa watu sita, samaki wa kukaanga na maandazi juu. Kurudisha chakula cha kina mama ni tusi, kukitupa ni dhambi, na mimi nikikila sukari inanipeleka kaburini kweli. Basi akakila yeye, amekaa kwenye ngazi yangu ya mbele, mimi nimekaa mlangoni na sahani ndogo. Sufuria zikarudi tupu, kina mama wakamshukuru Mungu: mgonjwa anakula! Jumamosi iliyofuata wakaongeza.

Tuliendelea hivyo miezi miwili. Serikali ilikuwa imeruhusu anayeishi peke yake aandikishe mtu mmoja wa kumtembelea ndani. Mtu mmoja tu, kwa jina. Nililiandika jina lake kwenye ile fomu, na kanisani wakasema vyema, mgonjwa amepata wa kumwangalia. Akawa anaingia jikoni. Alisimulia habari za foleni ya malori bandarini na za mama yake Uvira, na kila Jumamosi kitambi chake kilikuwa kimesogea mbele kidogo. Nilimtania: uzito wangu haukupotea, umehamia kwako. Akasema, "Nauchunga, usije ukapotea." Nikitazama nyuma, zile ndizo zilizokuwa Jumamosi nzuri kuliko zote nilizopewa, tena katikati ya watu kufa na hofu kila mahali, na namshukuru Mungu kwa kila sufuria.

Halafu siku moja, akiwa anaosha vyombo, akanishika mkono na mkono wake wa sabuni. "Bonge, miye nakupenda. Tangu zamani."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka mitano, na lilipofika nikapandwa na hasira. Nina hasira za karibu, najijua. Niliuvuta mkono. "Tangu zamani ipi? Nilikuwa nimesimama kando yako kilo mia na arobaini na mbili, hukuniona? Ulikuwa kipofu? Sasa nimekonda ndiyo unanipenda? Na nikinenepa tena kesho?"

"Nilikuwa nakuona," akasema.

"Muongo. Mnapenda mifupa. Nenda."

Alijifuta mikono, akakusanya sufuria, akaenda. Jumamosi iliyofuata aliacha chakula getini, akapiga honi mara moja, akaondoka. Ikawa hivyo wiki nne. Nilikila mwenyewe, kidogo kidogo. Usidhani ni maringo. Mtu anayekupenda kwa kiuno chako kipya atakuwa anakipima kila siku, na mimi sukari ningeimudu, lakini kuishi na tepu ndani ya nyumba nisingeweza. Bora nibaki peke yangu. Ndivyo nilivyojiambia, na nilikuwa nalia nikijiambia.

Baridi ya huku ikaisha, tukafunguliwa. Kanisa likatangaza kwamba Jumapili ya kwanza ya kurudi kwaya ivae sare. Nikalitoa shati langu kabatini. Lo! Tungeingia watu wawili, tukabaki na nafasi ya mgeni. Nikalifunga kwenye mfuko, nikapanda treni hadi Penrith kwa yule mama fundi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinikagua na kunigeuza kama mbuzi wa mnadani. "Kumbe mzima! Na sisi tulivyofunga kula!"

Nikamwomba alipunguze, akate zile pande zote za ubavuni. Akalipindua nje ndani, akavaa miwani, akavua tena.

"Hizi siwezi kukata bila ruhusa ya mwenyewe."

"Mwenyewe si mimi, mama?"

"Wewe ni mwenye shati. Mwenye mikono ni mwingine."

Sikumwelewa. Akanivuta karibu na dirisha, akaweka kidole chini ya kwapa, pale kitenge kilipoungwa. Kulikuwa na tundu la kifungo, limezibwa kwa uzi wa bluu. Upande wa pili kulikuwa na jingine. Nani anaweka tundu la kifungo kwapani?

"Ni ncha za mikono," akasema. "Shati la yule dereva lilikuwa tayari, mikono mirefu, limepigwa pasi. Alipoona umepimwa na watu wakacheka, akarudi hapa kesho yake na kuniambia niifumue mikono yake niitie ubavuni mwako. Nikamuuliza, baba, utasimamaje na mkono mfupi wenzako wakiwa na mirefu? Akasema watu watasema anaringa, yataisha. Wewe wangekucheka mpaka ungeacha kuimba. Akanikataza nisikuambie, eti utaona aibu."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Mama wa watu akaniacha nilie, akaenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe viwili. Cha kwangu hakikuwa na sukari. Akakaa.

"Nimeshona miaka thelathini," akasema. "Sijawahi kuona mtu anamkatia mwenzake mikono ya shati bure." Kisha akaniambia ninywe chai kabla haijapoa, na hakuniuliza neno lingine, wala hajawahi kulipeleka mahali. Namshukuru mama huyo mpaka leo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi niliyekuwa naye nguoni miaka yote hiyo alikuwa ananipenda, tena akiwa na habari kamili za kilo zangu, nami nikamfukuza jikoni kwangu akiwa na mkono wa sabuni.

Nilimwambia fundi asilikate.

Jumamosi hiyo niliwawahi kina mama. Niliwapigia nikawaambia nimepona, Mungu amejibu, na hadi kesho wanahesabu ni funga yao iliyoniponya, nami sibishani nao. Nikapika sombe mwenyewe, na ugali wa watu sita. Nikalivaa lile shati lilivyo, linapepea ubavuni, nikatembea ile mitaa miwili na sufuria imefungwa kwa blanketi.

Alifungua mlango amevaa singlendi, kitambi mbele, macho ya mtu aliyetoka shifti. Nikagundua kwamba kile kitambi nakipenda. Hakikuwa kimepunguza hata punje ya mapenzi yangu, na mimi ndiye niliyemwita muongo. Akaniangalia usoni, akaangalia shati, macho yake yakatua kwapani na kubaki hapo.

"Fundi amesema," akasema.

"Amesema." Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, ikapotea yote. "Nimekuletea mikono yako."

Akaipokea sufuria. Akasogea pembeni ya mlango kunipisha.

"Ingia nayo, Bonge," akasema.