Barua Sita za Balozi

Baba yangu alipunguzwa kazi nilipokuwa darasa la saba. Kiwanda cha serikali alichokitumikia hapa Dodoma kilikuwa kikitafutiwa mnunuzi, na mnunuzi, tuliambiwa, hataki watu wengi. Nyumba sita za mtaani kwetu zilikosa kazi kwa mpigo. Kwa kuwa baba ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, majirani walikuja kumlilia yeye, kana kwamba yeye hakupunguzwa.

Baadaye tukasikia kuna kituo cha dini, upande wa Ihumwa, kinachowafundisha waliopunguzwa useremala na ushonaji, kisha kinawapa vifaa vya kuanzia. Sharti ni barua ya balozi kuthibitisha kwamba mwombaji hana kazi na ana shida ya kweli.

Barua hizo niliziandika mimi. Mwandiko wa baba ulikuwa wa elimu ya watu wazima, herufi kubwa zinazopanda mlima, naye aliuonea haya. Alinitajia maneno jioni nzima, tukamaliza nyumba tano. Mama akauliza, "Na yako?"

"Mganga hajigangi," baba alisema. "Balozi ajithibitishe mwenyewe? Watu watanionaje?"

Mama aliendelea kukoroga mlenda. Siku hizo tulikula mara moja kwa siku, na mdogo wangu alikuwa ameacha kulia njaa, jambo lililonitisha kuliko kilio chenyewe. Nilimkasirikia baba sana. Heshima yake niliiona anasa ya watu walioshiba. Asubuhi nikaandika barua ya sita: fundi mitambo, mwaminifu, ana watoto wanne, hana kitu. Nikaichomeka katikati ya zile nyingine, nikampelekea zote atie sahihi. Alizitia sahihi taratibu, moja baada ya nyingine. Nilijiona mjanja kweli.

Wiki iliyofuata jirani yetu, mama mjane aliyekuwa mfagizi kiwandani na ndiye aliyezipeleka barua, alirudi kutoka kituoni nazo zote sita mkononi. Afisa wa kule alikuwa ameona balozi kajiombea msaada kwa sahihi yake mwenyewe. Akasema kama huyu kajiandikia, na hizi nyingine ataziaminije? Nafasi zikapewa watu wa mtaa mwingine.

"Balozi, umetuponza," yule mama alimwambia baba pale mlangoni. Hakupaza hata sauti.

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nikanyamaza. Baba aliacha ubalozi mwezi huohuo. Watu waliokuwa wakimwamkia kutoka mbali wakawa wanapita wakitazama chini, naye akaenda kulima vibarua kwenye mashamba ya zabibu ya wengine mpaka mgongo ukamshinda.

Nilikaa na aibu ile miaka mingi. Nilipokuwa mtu mzima, na yeye mgonjwa kitandani, nikaona nimwambie kabla sijachelewa.

"Baba, ile barua yako niliichomeka mimi. Nilikudanganya, wewe hukujua."

Alinigeuzia uso.

"Nilizisoma zote kabla sijatia sahihi, mwanangu," alisema. "Ile niliisoma mara mbili."