Siku Akina Mama Walipotoka na Sauti za Kiume

Mpaka leo nikipita mbele ya ukumbi ule wa Upanga nageuza uso upande wa pili, maana aibu niliyoipata mle ndani haijaisha, na niliitafuta mwenyewe.

Nina studio ndogo Mchafukoge. Mama Neema, anayeuza vitenge Kariakoo, alikuja na wenzake sita wa kwaya kurekodi wimbo wa kumwingiza binti yake ukumbini siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa (alisema akiimba mbele za watu atalia tu, bora itoke kwenye spika). Sasa mimi, kwa kutaka kuonekana fundi, nikaweka kiwango cha sampo elfu tisini na sita, yaani sauti inapimwa mara elfu tisini na sita kila sekunde, na kila kipimo kikiandikwa kwa biti ishirini na nne. Biti hazikuwa na neno. Tatizo ni kwamba kazi ya kuchanganya muziki nilikuwa nimeifungua kwa elfu arobaini na nane, kompyuta ikaniuliza kama ibadilishe sauti zilingane na kazi hiyo, nikabonyeza hapana (nilidhani ubora utapungua), nikatoa wimbo na kukimbilia ukumbini bila kuusikiliza.

Mlango ukafunguliwa, Neema kasimama pale na gauni lake, nikawasha. Likatoka jitu. Sauti zilikuwa zinasomwa kwa nusu ya kasi, wimbo unatambaa, akina mama wananguruma kama mabaunsa, na mshereheshaji akasema kwenye maiki, "Naona wajomba nao wamekuja na kwaya yao." Ukumbi mzima ukacheka. Neema akainamisha kichwa. Mimi natafuta kitufe cha kuzima, hata sikipati.

Mama Neema akainuka, akachukua maiki. "Zima, mwanangu," akaniambia taratibu, kisha akaanza kuimba peke yake, bila kinanda wala nini. Kwenye ubeti wa pili sauti ikamkatika, machozi yakamwagika, lakini hakukaa chini. Wenzake wakampokea mpaka akarudi, na Neema akatembea kati ya meza watu wote wamesimama. Sijawahi kusikia kitu kizuri vile, na nimerekodi wengi.

Baadaye nikamfuata. "Mama, nisamehe, nimekuharibia shughuli."

"Umenishtua tu," akasema. "Umekula?"

Siku hizi nachagua kiwango kimoja mwanzo mpaka mwisho, na sitoki studio kabla sijausikiliza wimbo wote. Lakini wiki moja baada ya sherehe ile Neema alinipigia simu, akaniomba nimtumie rekodi ya mama yake alivyoimba pale ukumbini. Siku ile nilikuwa nimesimama pale na mashine zote mbele yangu, na sikukumbuka kurekodi.