Kisima cha Loisi

Loisi alikuwa na tabia moja iliyonikera miaka yote ya ujirani wetu: hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kuinuka kwenda kumtekea mtu maji. Wapita njia wa Buigiri, wafugaji walioshuka na ng'ombe kutoka Haneti, mafundi wa barabara, wote walijua kwamba nyuma ya mizabibu yake kuna kisima chenye maji matamu. Mtu akipiga hodi, Loisi anaweka kikombe chini. Nilimwambia, "Mama Devota, kamba ipo, ndoo ipo, na mikono wanayo." Alicheka tu, akaenda. Chai ikapoa, nikamlaumu, na kesho yake ikawa vilevile.

Kisima hicho alikichimba marehemu mumewe, Elieza, kwa sururu na mtaimbo, kiangazi baada ya kiangazi, huku watu wakimtania kwamba anajichimbia kaburi la kuzikwa wima. Alipoyapata maji hakumrudishia mtu utani. Alipanda mizabibu, na zabibu hizo ndizo zilizomsomesha binti yao, Devota. Kisha homa ikamchukua ghafla, matunda yakiwa bado mabichi. Tulimzika pembeni mwa shamba, karibu na kisima.

Devota aliolewa Mpwapwa, na kila Krismasi alimwomba mama yake akaishi naye. "Kisima kikihama, nami nitahama," Loisi alijibu, na sote tulicheka. Nani amewahi kuona kisima kikihama?

Tangu serikali ilipohamishia makao yake Dodoma, huku kwetu kila mwinuko umepata mwenyewe. Juu ya kitongoji chetu kampuni fulani ilinunua eneo, ikataka kujenga ghala kubwa lenye vyumba chini ya ardhi. Walichimba shimo la kutisha, na kabla hawajafika walikotaka, maji yakaanza kuwachuruzikia. Ndipo akaja afisa wa maji, kijana mpole mwenye shikamoo nyingi, mwenyekiti wetu Mazengo akaitisha mkutano.

Afisa alitueleza vizuri, siwezi kumsingizia. Anayetoa maji mengi ardhini huomba kibali. Lakini hawa hawakutaka kuyatumia. Walitaka kuyatoa yawapishe wamwage zege, basi. Kwa kazi ya muda kama hiyo, alisema, mjenzi anaweza kusamehewa kibali, mradi karibu pale hakuna mtu anayeishi kwa maji ya chini. Akafunga maelezo, akauliza, "Kuna mwenye maji yake hapa?"

Watu wote tulimtazama Loisi. Naye alisimama, akarekebisha kitenge, akasema, "Maji ni ya Mungu, mwanangu. Hapa hakuna mwenye maji."

Mgeni asiyetujua atasema mama yule alikosa akili. La. Kwetu mtu hasimami mbele ya kadamnasi akatamka "maji yangu". Huo ni uchoyo, na kisima cha mchoyo, mama mkwe wake Loisi alimfundisha, hukasirika kikakauka. Hata sisi tusingeweza kumsemea. Kumwambia mgeni "kisima ni cha yule" ni kama kumwambia kwamba yule ananyima. Kwa hiyo Mazengo, ambaye asubuhi hiyohiyo alinywa kwa Loisi, alikohoa na kutazama viatu vyake. Afisa aliuliza mara ya pili, akapata jibu lilelile, akatushukuru. Msamaha ukatolewa.

Pampu zilianza, usiku na mchana. Aliyezilinda alikuwa Iddy, Mrangi wa Kondoa, mtu mzima mwenye ndevu za mvi na adabu zake. Maji aliyoyatoa shimoni yalikuwa tope na saruji, hata mbuzi waliyanusa wakaondoka. Hivyo kila alasiri Iddy aliteremka na kidumu chake kwa Loisi kuomba maji safi ya kunywa na kutawadha. Loisi alimtekea kwa furaha. Mimi niliketi pale na chai yangu nikaona kamba ikirefuka: kwanza aliunga kipande, kisha kingine, kisha akafungia ushungi wake wa zamani. Siku moja ndoo iligonga jiwe chini, ikapanda na tope.

Iddy alikuwepo. Alitazama ile ndoo, akatazama juu kilimani zilikokuwa zikinguruma pampu zake, akainama kama aliyepigwa.

"Mama, ni sisi," alisema.

"Zima basi," nikamwambia, kwa hasira ambayo sikuificha.

"Nikizima, shimo linajaa. Mle ndani wamo watu wanafunga nondo."

Loisi aliniambia nimwache. Aliyachuja yale machache aliyokuwa ameyateka asubuhi, akayatia katika dumu la njano, akalifunga na kuliweka chini ya kitanda. Nilimuuliza ni ya nini. Alichukua ufagio, akaenda kufagia uani.

Tulikwenda kwa afisa, mimi, Loisi na Mazengo. Kijana wa watu alituamkia, akasikiliza, akasikitika kweli. "Lakini mama, nilikuuliza mbele ya watu wote," alisema.

"Ndiyo, mwanangu. Uliniuliza mbele ya watu. Ningejibuje mbele ya watu?"

Kijana alichukua kalamu. Aliahidi kuiandikia kampuni, na nadhani aliandika, maana boza la maji lilikuja, likaja tena, halafu likasahau njia. Tulikuwa tumekwisha kupogoa mizabibu ya Loisi. Mzabibu uliopogolewa unataka maji kama mama aliyejifungua anavyotaka uji, na jua la hapa halimsubiri mtu. Machipukizi yalitoka, yakasimama kidogo, yakanyauka.

Lakini lililoniumiza zaidi halikuwa shamba. Mimi nina kisima changu upande wa pili wa korongo, hakikuguswa, na Loisi alijua. Alikuja kila asubuhi na ndoo tupu, akaiacha nje ya uzio nisiione, akaingia, akakaa. Tulizungumza habari za mlenda, za ndoa za watu, za mchungaji mpya. Kisha aliaga, akaondoka, bila kuomba. Mtu aliyewatekea watu maisha yake yote hakujua maneno ya kuombea. Nilijifunza kumtuma mtu akaijaze ile ndoo kimyakimya tukiwa tunaongea. Akiikuta imejaa aliibeba bila kugeuka, nami nilibaki jikoni nikilia kwa hasira.

Devota alipokuja, hakubishana na mama yake. Alimkuta anang'oa mizabibu mikavu ili iwe kuni. Alikaa chini akamsaidia kung'oa. Walipomaliza, Loisi alisema, "Kimehama," akaingia ndani kufunga nguo.

Siku ya kuondoka tulikuwa uani na mizigo, tukisubiri gari la Mpwapwa. Iddy akateremka. Alikuja kuaga na kuomba radhi: zege limeisha, pampu zinazimwa wiki hiyo. Alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa, na mkononi, kwa mazoea tu, alikuwa amebeba kile kidumu chake. Alipogundua alijaribu kukificha nyuma ya kanzu.

Loisi aliingia ndani, akatoka na lile dumu la njano. Nilidhani anakwenda kulimwagia kaburi la Elieza. Badala yake alichukua kidumu cha Iddy, akaanza kumimina.

"Mama, hapana," Iddy alisema. "Haya si ya kile kisima chako?"

"Ndiyo," Loisi alisema. "Ni yangu. Chukua."

Katika miaka yote sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo. Iddy alipokea kwa mikono miwili. Gari likaja.

Mvua zilizofuata zilikuwa nzuri. Siku moja nilipita nyuma ya shamba la Loisi, sasa tupu, nikachungulia kisimani, nikaona mbingu chini. Maji yalikuwa yamerudi hadi kwenye jiwe ambalo Elieza aliliacha ukutani ili akanyage akishuka. Nilimpigia simu Loisi. Nilimweleza nilichokiona.

"Ni safi?" akauliza.

"Ni safi, dada."

"Wape watu."

Hakusema atarudi, nami sikumuuliza. Angerudi kwenye nini? Mwezi wa Pasaka Devota alinipigia yeye, alfajiri, na kwa jinsi alivyovuta pumzi nilijua. Tulimleta Loisi, tukamzika kando ya Elieza, na maji ya kuoshea mikono baada ya mazishi tuliyateka palepale.

Sasa mimi ndiye ninayewatekea wapita njia. Wakinywa wanauliza kisima ni cha nani, kama watu wanavyouliza. Wazee wangu huko waliko wanisamehe. Nawaambia ni cha Loisi, na nalitaja jina kwa sauti, na kisima kikitaka kukasirika, kikasirike.