Ukuta wa Wageni

Ukimuuliza mtu wa Masakta nani alimjengea nyumba, mara nyingi atakutajia Evarist Tluway. Ni fundi mwenye uzoefu wa miaka thelathini, mchache wa maneno, mwenye kiburi kidogo cha kazi ambacho mimi jirani yake nimekizoea. Matofali ya kuchoma huyapanga kwa udongo, kisha kwa nje anaziba viungo kwa saruji. Ukipita barabarani utaapa nyumba nzima ni saruji. Hakuwa mwizi. Saruji ya watu ilikuwa haitoshi, naye alitaka kila mmoja apate nyumba ya kupendeza. Wengi hawakuuliza, naye hakusema.

Mwaka jana alikuja Hilda, mtafiti wa chuo kikuu anayechunguza jinsi kuta zinavyostahimili tetemeko. Huku kwetu ardhi ikitikisika, sahani hugongana kabatini, tunasubiri kidogo, tunaendelea kula. Hilda alitaka kujua nyumba zipi ziimarishwe kabla tetemeko kubwa halijaja. Alimpa Evarist shikamoo, akamwomba ajenge ukuta mmoja kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, vilevile anavyowajengea watu. Angeusukuma kwa jeki hadi upasuke.

Sasa, nani humwandalia mgeni sahani yenye ufa? Evarist alijenga kwa saruji tupu, ndani na nje, akaumwagilia ukuta asubuhi na jioni kama kitalu cha vitunguu. Hilda alikuwa mjini Babati siku hizo, hakuona. Mimi niliona nikanyamaza, kwa hiyo sina haki ya kumcheka sana.

Baada ya mwezi tulikusanyika. Jeki ikasukuma, ukuta ukagoma kupasuka. Vijana wakapiga makofi. Hilda alisoma vipimo mara mbili, akasema kwa matokeo haya nyumba za matofali za Masakta hazina haja ya kuimarishwa, wataanzia kata nyingine. Verediana, mjane ambaye Evarist alimjengea miaka sita iliyopita, alimshukuru Mungu kwa sauti. Wajukuu wake wanne wanalala chumba cha nyuma, alisema, na ardhi ikitikisika huwa hapati usingizi.

Hapo nilimwona Evarist akivua kofia. Angeweza kukaa kimya, na zaidi yangu hakuna ambaye angejua. Aliogopa aibu, alikiri hivyo kwangu baadaye, ila wale watoto wanne walimwogopesha zaidi.

"Injinia," alisema mbele ya watu wote, "ukuta huu si nyumba zetu. Huu nimewajengea ninyi."

Hilda hakumkaripia. Alifuta alichoandika, akamwomba ajenge mwingine, kama anavyojenga siku zote. Evarist akapanga matofali kwa udongo, na kwa nje akaziba viungo kwa saruji. Ulipokauka tukakusanyika tena. Jeki haikufika hata nusu ya nguvu ya mara ya kwanza. Ukuta ulipasuka kutoka chini hadi juu, ukaanguka. Makofi hayakupigwa. Wenye nyumba waliondoka mmoja mmoja bila kumuaga fundi.

Verediana alibaki. Alimsogelea Evarist, wakasimama pembeni ya matofali yaliyotawanyika.

"Nyumba yangu ni kama ukuta wa kwanza au kama huu?"

"Kama huu, Mama Yohanes."

Nilidhani atamtukana, na nadhani Evarist mwenyewe alitamani atukanwe.

"Basi twende ukanitolee vitanda," alisema.

Tulienda wote watatu. Vitanda vya watoto vilikuwa viwili, na vyote vilihamia jikoni, kwenye kibanda cha miti alichojenga marehemu mume wake, kisicho na tofali hata moja. Mlango ulikuwa mwembamba. Evarist ilibidi avifungue vipande vipande nje, akaviunga upya ndani, na Verediana akatandika.