Jina Lililoonekana Mara Mbili

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kazi ya kikundi hufundisha ushirikiano, hasira hunipanda. Mimi nilijifunza uhandisi wa programu katika kikundi cha watu watatu, chuoni Garissa, mwaka wangu wa tatu, na nilichojifunza pale hakikuwa kwenye mtaala.

Mhadhiri wetu alitupanga kwa kufuata orodha ya majina, na hivyo nikajikuta na vijana wawili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mjini, baba yake akiwa na duka la vitambaa sokoni. Alikuwa na kompyuta mpya na Kiingereza kisichokwama. Tulimfanya kiongozi kabla hata hatujakaa chini. Wa pili alitoka Takaba. Alikuwa mrefu na mkimya, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani tu. P aliitamka b, na kila alipofungua mdomo hakukosekana mtu wa kucheka nyuma. Mimi natoka Balambala na p yangu huniponyoka vilevile nikikasirika, ila nilikuwa nimejizoeza kuificha.

Tulitakiwa kutengeneza mfumo wa kutumiwa na watu halisi. Tukakubaliana kwamba wetu utawasaidia wafugaji kuripoti ugonjwa wa mifugo, ili ofisi ya mifugo ijue mapema. Wazo lilikuwa zuri. Shida ilianza siku ya pili, kiongozi alipotangaza kwamba tutakuwa tukikutana dukani kwao, kwenye chumba cha nyuma, baada ya sala ya Alasiri.

"Mimi siwezi kuja kukaa chumba cha nyuma na wanaume wawili," nikamwambia. "Tukutane maktaba."

"Maktaba stima inapotea. Wewe fanya sehemu yako huko huko, abaayo, dada yangu. Tutaunganisha mtandaoni."

Nikafanya huko huko. Kazi zetu zote tuliziweka mahali pamoja mtandaoni, na mahali hapo huhifadhi historia: nani ameandika nini, nani amefuta nini, siku gani. Niliipenda sana historia ile. Niliiona kama shahidi asiye na ndugu.

Wiki ya likizo nilikwenda nyumbani Balambala, nikakaa na abti yangu, kaka yake mama, mwenye ngamia. Nilimwonyesha kwenye karatasi jinsi mfumo utakavyokuwa: ukurasa wenye ramani, mahali pa kuandika, mahali pa kuweka picha. Aliitazama karatasi, akatoa simu yake ya mulika mwizi iliyofungwa kwa mpira.

"Haya nitayaandika na hii?" akaniuliza. "Na nani amekwambia mimi najua kuandika? Ngamia akianguka, mimi napiga simu."

Nilirudi chuoni nikiwa na kazi mpya kichwani. Niliandika sehemu ya kupokea simu. Ukipiga, sauti ya Kisomali inakuuliza ni mnyama gani: ngamia bonyeza moja, ng'ombe mbili, mbuzi tatu. Kisha unasema kilichompata na mahali ulipo, na afisa anasikiliza. Sauti ilikuwa yangu mwenyewe, niliyoirekodi bwenini nimejifunika blanketi ili kelele za wenzangu zisiingie. Ilinichukua wiki tatu.

Asubuhi moja nikafungua, sikuiona. Kiongozi alikuwa ameifuta yote.

"Ile ni ya wazee," akaniambia kwa simu. "Mhadhiri anataka kuona ramani na picha. Sasa sauti atatuwekea maksi za nini?"

Nikairudisha. Akaifuta. Nikairudisha tena, akaifuta tena. Mara ya tatu nilituma ujumbe kwenye kikundi chetu cha simu, maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasoma. Kiongozi akajibu kwa alama ya kidole gumba. Yule wa Takaba hakujibu lolote, na ukimya wake ukaniudhi kuliko kile kidole. Nilikuwa nikitazama historia kila siku. Jina lake lilionekana mara mbili tu, wiki ya kwanza, kisha basi. Nikajiambia huyu amekuja kula maksi za watu.

Siku ya kuwasilisha, ukumbi ulijaa. Kiongozi alizungumza kama mtangazaji wa redio. Akaonyesha ramani, akaonyesha picha ya ngamia, watu wakapiga makofi. Mhadhiri, mtu wa bara aliyekuwa amekaa Garissa miaka mingi, aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika, halafu akamgeukia yule wa Takaba.

"Wewe ulifanya nini?"

Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akahamia Kiswahili. "Mimi nilifanya ile ya kubokea riboti na kubanga..."

Ukumbi ukacheka. Mhadhiri naye akatabasamu, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, dada? Hizi rangi nzuri bila shaka ni zako."

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka tu kwamba kompyuta ilikuwa mikononi mwangu na historia yetu ilikuwa ukutani, kubwa, kila mtu akiiona. Nilionyesha jina langu wiki baada ya wiki. Nilionyesha sehemu ya simu ikiwekwa na kufutwa, ikiwekwa na kufutwa, na jina la kiongozi kila palipofutwa. Nilimweleza mhadhiri habari za abti na simu yake. Sauti yangu ilipanda na p zangu zote zikawa b, na hakuna aliyethubutu kucheka.

"Na huyu?" mhadhiri akauliza, akimwonyesha yule wa Takaba. "Namwona mara mbili tu."

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimeshika moto, na moto ule ulikuwa mtamu.

"Mara mbili," nikasema. "Historia haidanganyi, mwalimu."

Yule kijana alimtazama kiongozi. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama kiongozi kama mtu anayengoja kupewa zamu yake kwenye foleni. Kiongozi akainamia meza, akawa anafunga waya wa chaja taratibu, duara baada ya duara.

Matokeo yakatoka. Mimi nilipata maksi za juu, kiongozi alipunguziwa kidogo, na yule wa Takaba alianguka. Nilisherehekea. Niliwanunulia wenzangu wa bwenini sambusa.

Wiki mbili baadaye nilitaka kuchukua kipande cha programu yetu nikitumie kwenye kazi nyingine. Kilikuwa kile kinachopokea ripoti na kuzipanga kwa ugonjwa na mahali, kipande safi kuliko vyote tulivyoandika, na kilikuwa chini ya jina la kiongozi. Nikakisoma polepole kwa mara ya kwanza. Katikati ya mistari mtu alikuwa amejiachia maelezo madogo kwa Kisomali: fiiri halkan, tazama hapa. Nikarudia kuyasoma. Kiongozi wetu hakuwahi kuandika Kisomali. Ujumbe wake wote ulikuwa Kiingereza na Sheng ya Nairobi.

Nilimkuta yule wa Takaba nje ya msikiti wa chuo, akivaa viatu.

"Ulikuwa unaandikia wapi kazi yako?" nikamuuliza, bila hata salamu.

Akanieleza kwa Kisomali, na kwa Kisomali alikuwa mtu mwingine, mwepesi, mwenye maneno. Kompyuta yake ilikufa wiki ya pili kwa vumbi na joto. Kwa hiyo alikuwa akiandika kwa penseli bwenini, kisha Alasiri anakwenda dukani na kuinakili kwenye kompyuta ya kiongozi. Kila alichoandika kilihifadhiwa kwa jina la mwenye kompyuta. Akatoa daftari kwenye mkoba. Lilikuwa limejaa, ukurasa hadi ukurasa, na yale maelezo yake madogo pembeni.

"Kwa nini hukusema pale ukumbini?"

"Nilianza kusema," akajibu. "Wakacheka. Kisha nikamngoja aseme yeye."

Nilikwenda dukani siku hiyo hiyo. Nilisimama barabarani mbele ya majora ya vitambaa nikamwita kiongozi kwa jina lake, kwa sauti, wateja wakageuka. Akatoka akinong'ona nisimwaibishe mbele ya baba yake.

"Ulijua ni kazi yake!"

"Mimi sikusema neno, abaayo," akasema. "Nani alisema mara mbili? Ni mimi?"

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Tulikwenda kwa mhadhiri wawili, mimi na yule wa Takaba. Nilieleza yote. Mhadhiri alifungua kurasa mbili tatu za daftari, akalifunga.

"Daftari mtu anaweza kuliandika hata jana," akasema. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyenionyesha historia. Ulisema haidanganyi."

"Nilikosea."

"Maksi zimeshapelekwa. Atarudia somo. Kurudia si kufa."

Nikamwambia basi apunguze zangu. Akacheka kwa upole, akasema mambo hayaendi hivyo. Yule wa Takaba alikuwa ameshachukua daftari lake, amesimama mlangoni, anangoja nimalize kupiga kelele.

Alirudia somo na wanafunzi wa mwaka wa nyuma yake. Mimi na kiongozi tulihitimu pamoja. Nilikataa kusimama naye kwenye picha, na hiyo ndiyo adhabu pekee aliyowahi kupata. Mwaka uliofuata niliomba ruhusa kazini nikarudi Garissa kwa mahafali ya yule wa Takaba. Mama yake alikuwa amesafiri siku mbili kuja. Aliponiona, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye kikundi kimoja," akasema kwa Kisomali. "Ameniambia wewe ndiye uliyekuwa hodari kuliko wote. Allah ha ku barakeeyo, Mungu akubariki, binti yangu. Umemsaidia mwanangu."

Nikafungua mdomo nimwambie. Nyuma ya bega lake mwanawe, ndani ya joho lake, alikuwa akitikisa kichwa kidogo: usiseme. Mama akaendelea kuniombea dua, kunitakia mume mwema, watoto, riziki, na mimi nikawa naitikia amina, amina, huku nikimkasirikia yeye kwa kuniombea, na mwanawe kwa kunihurumia, na nafsi yangu kwa kuitikia.