Mtoto Ndani ya Kochi

Wifi yangu ni fundi makochi. Siku aliyohamia kwangu alikuja na mtoto mgongoni, nyundo ya kazi mfukoni, na jino lake la mbele amelifunga kwenye leso. Aliyeling'oa ni mdogo wangu wa tumbo moja, yule wanayemwita Katapila, na hakutumia koleo. Nikamfungulia chumba cha uani. Sikuuliza kisa, uso ulikuwa umeshajieleza.

Ufundi alifundishwa na baba yake, na mikono yake haijui kupumzika. Shida ilikuwa mtoto. Ana miaka miwili, na alishuhudia mama yake akiburutwa kwa nywele hadi mlangoni. Mwanamume akikohoa tu barabarani, mtoto anajikunja kama jongoo na kujikojolea. Hata muuza maji tulimwomba agonge tu mlango, asiseme neno.

Basi wifi akaanza kumtengenezea vitu. Soksi iliyopotelewa na mwenzake ikawa mbuzi: vifungo ndiyo macho, kipande cha ngozi ya kochi ndiyo ulimi. Anatia mkono ndani, mbuzi anatafuna vidole vya mtoto. Mabaki ya sponji akayachonga kuku na vifaranga wake. Lakini kipenzi kilikuwa kichupa cha dawa ya kikohozi alichokitia kokoto na kukivisha kitambaa. Mtoto akikitikisa tu, anatulia. Mimi nilikuwa nikisema takataka hizo zifagiliwe. Siku mtoto alipocheka kwa sauti nikafunga mdomo, na wanaonijua wanajua hiyo si kazi ndogo.

Katapila akaleta salamu: anamtaka mwanawe, na atakayemzuia atazikwa. Tulijua hatanii.

Alikuja mchana kweupe. Wifi alikuwa anavisha kochi la mteja, bado mbao na mikanda tu, tukasikia geti likipigwa teke. Akamlaza mtoto ndani ya tumbo la kochi, akamfunika kwa sponji, akatandaza kitambaa juu. Na ili asilie, akampa kichupa chake. Hofu haina akili.

Katapila aliingia na kisu. Kibao cha kwanza nilikila mimi, dada yake niliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi. Kisha akamkaba wifi koo, akamgongesha kichwa ukutani, akimuuliza mtoto yuko wapi. Wifi damu inamchuruzika puani, anasema hayupo. Akagongeshwa tena. Hayupo.

Ndipo kochi likalia: chaka, chaka, chaka.

Mdogo wangu akacheka. Akamwachia mkewe, akakiendea kile kitambaa na kukipasua kwa kisu kutoka upande mmoja hadi wa pili, wala hakujali kwamba chini yake kuna nyama yake mwenyewe. Sponji ikachanika. Mtoto akapiga ukelele.

Mwanamke yule nimemwona akipigwa miaka nenda miaka rudi, na alichowahi kufanya ni kujikinga uso. Leo akaokota nyundo. Akaushukia mkono wenye kisu, mfupa ukalia kama kuni kavu. Kisu kikadondoka. Katapila akanyoosha mkono wa pili, nao akaushukia. Kisha goti. Jitu zima likalala chini kama gunia, likaanza kukumbuka undugu.

"Dada, mzuie. Ataniua huyu."

Nikakikalia kile kisu. "Udada huo ulikuwa wapi uliponizaba kibao?"

Lakini nyundo ilikuwa imeshainuliwa juu ya kichwa chake, na macho ya wifi hayakuwa ya mtu wa kutania. Nikamshika kiwiko.

"Inatosha, wifi. Ukimmaliza, wewe jela, na mtoto watampa nani?"

Akaishusha. Akamtoa mtoto kwenye kochi, akampapasa kichwa, mgongo, vidole, kimoja kimoja. Hakuwa hata na mkwaruzo. Ndipo wifi akatapika.

Wazee wa ukoo wakaja kwangu kufanya kikao. Baba mkubwa akazungumza mpaka mate yakamkauka: mwanamke amemlemaza mumewe, mtoto ni wa ukoo, akabidhiwe upande wa baba. Wifi alisimama mlangoni na mtoto kiunoni. Mwisho baba mkubwa akanigeukia mimi, damu yao, niunge mkono.

"Baba mkubwa," nikamwambia, "mimi ndiye shangazi, na mimi pia ni ukoo. Basi mtoto yuko kwenye ukoo, analala chumba cha uani, na mama yake yuko naye. Anayemtaka, ainuke sasa hivi akamchukue pale mlangoni."

Wote waliitazama mikono ya wifi. Hakuna aliyeinuka. Baba mkubwa akaomba maji ya kunywa.