Darubini ya Nakonde na macho ya mama mkwe

Wakuu, salaam kutoka Tunduma. Haya ninayoandika nimeyaona mwenyewe, na shahidi ni mke wangu, ambaye nikiongeza chumvi huwa hanionei huruma.

Mimi ni ajenti wa forodha hapa mpakani. Nilipata darubini ya mtumba ng'ambo ya mpaka, Nakonde upande wa Zambia, nikajifunza mwenyewe mpaka ikanyooka. Kwenye suala la fokasi, yaani kuweka picha iwe kali, sibabaishwi na mtu.

Sasa, mama mkwe wangu yuko Hasamba, jirani na Vwawa. Kwa Wanyiha wa rika lake, mama mkwe na mkwe wa kiume hawasogeleani. Akiniona njiani anapisha, nami napisha. Ni heshima tu, hakuna ugomvi.

Shida ilianzia sokoni Vwawa. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali, akaja moja kwa moja mpaka tukagongana mabega. Alipogundua ni mimi, aliona aibu ya kufa mtu.

Tangu siku hiyo hakutoka tena nyumbani. Hata kanisani akaacha kwenda. Hospitali akagoma kabisa: "Macho yamekufa haya, mnipeleke wapi?" Mke wangu kila akitoka kumsalimia alikuwa anarudi analia.

Tulipokwenda kuwatembelea nikabeba darubini. Jua lilipozama tu, nikaisimamisha karibu na chanja za kuanikia kahawa, nikailenga mwezini.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akasoma boksi lake. "Shem, imeandikwa inavuta zaidi ya mara mia tano! Weka hiyo!"

Nikamwekea. Akaona uji. Kaupepo kidogo tu, mwezi unatetemeka na kukimbia.

Wakuu, msidanganywe na boksi. Chukua urefu wa fokasi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye darubini, gawa kwa namba iliyoandikwa kwenye lenzi ya kuchungulia. Yangu ni 700, lenzi ya 20 inanipa mara 35. Lenzi yenye namba ndogo ndiyo inayovuta zaidi, lakini ukizidi kuvuta picha inafifia na kucheza. Kwa mara 35 mwezi mzima unakaa humo, umetulia.

Nikarudisha ya 20, shemeji akaweka boksi chini.

Mama mkwe akaitwa. Mimi nikahamia upande wa pili wa chanja, nikageuzia uso migombani. Mke wangu akawa mjumbe.

"Mwambie mkwe naona ukungu," nikamsikia mama. "Si nilisema macho yamekufa?"

Roho iliniuma. Halafu akili ikanirudia: ile fokasi niliipanga kwa jicho langu! Kila jicho lina mahali pake. Ningekuwa karibu ningezungusha mimi, kwa kubahatisha. Kwa kuwa siruhusiwi kusogea, ikabidi azungushe mwenyewe.

"Mwambie mama ashike nobu ya pembeni, ile ya fokasi, azungushe taratibu. Ikizidi kuharibika, arudishe upande wa pili."

Mke wangu akafikisha ujumbe, mama akaanza kuzungusha.

"Mkwe!" Aliniita mwenyewe, bila mjumbe. "Mkwe, mwezi una mashimo! Nayaona mpaka kingo zake!"

Sikuthubutu kugeuka, lakini machozi yalinitoka.

Nikamweleza mke wangu: jicho lililokufa halipati fokasi hata uzungushe mpaka kesho. Hili limepata, maana yake huenda linadai lenzi tu. Darubini si daktari, ampeleke akapimwe. Safari hii mama hakubisha. Akapimwa Vwawa, akapewa miwani.

Kwa hiyo, wakuu, kabla ya kukimbilia kuvuta, tafuta fokasi kwanza. Na mwache anayechungulia azungushe mwenyewe, wewe huna jicho lake.

Wenye darubini mwageni uzoefu wenu hapa, na wenye mama wakwe pia. Wabishi wa boksi karibuni, nipo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa sokoni Vwawa. Kwa mbali kule kwenye ndizi nikamwona mama mkwe na miwani yake. Alikuwa ameshaniona kabla yangu. Akajitanda khanga vizuri, akakata kona.

Sijawahi kufurahi kukwepwa namna ile.